Kazi Anaijua, Ila Ana Mdomo

Mwaka 1982 kampuni ya uhasibu na ushauri ya Price Waterhouse, Marekani, ilikuwa na wabia 662, na kati yao wanawake walikuwa 7. Mwaka huo wafanyakazi 88 walipendekezwa wapandishwe kuwa wabia. Mwanamke alikuwa mmoja tu, Ann Hopkins wa ofisi ya Washington. Kwa miaka miwili alikuwa ameupigania mkataba wa dola milioni 25 na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo mpaka kampuni ikaupata. Jaji aliyekuja kuisikiliza kesi yake aliona kwamba katika wale 88 hakuna mwingine aliyeiletea kampuni mikataba mikubwa kwa kiasi hicho.

Utaratibu wa kampuni ulikuwa kuwapa wabia fomu, kila mmoja aandike anavyomwona mgombea. Fomu 32 zilirudi zikimhusu Hopkins. Wabia 13 walitaka apandishwe, 3 walitaka asubiri kwanza, 8 walisema hawamjui vya kutosha, na 8 walimkataa. Mmoja aliandika kwamba ana udume. Mwingine aliandika kwamba anajikakamua kupita kiasi ili kufidia uanamke wake. Yuko aliyeshauri apelekwe mahali akafundwe madaha. Majibu yalipotoka, 47 kati ya wale 88 walipita, 21 walikataliwa, na 20 waliambiwa wasubiri, Hopkins akiwa miongoni mwao. Thomas Beyer, mbia aliyekuwa upande wake, alipewa kazi ya kumweleza afanye nini ili safari nyingine apite. Alimwambia atembee kike, aongee kike, avae kike, ajipambe usoni, atengeneze nywele na avae vito.

Katika ushauri huo hakuna neno hata moja kuhusu mikataba au wateja. Na aliyeutoa hakuwa adui yake. Hapo ndipo penye uzito wa jambo lenyewe, kwa sababu tunapozungumzia upendeleo wa kijinsia kazini huwa tunamtafuta mtu mbaya, bosi anayechukia wanawake na kutamka hivyo hadharani. Beyer alimtakia Hopkins mema. Aliijua nyumba yake, akaona mlango uko wapi, akamwelekeza mwenzake namna ya kuinama ili apite.

Hopkins hakuinama. Mwaka uliofuata wabia wa ofisi yake walikataa kumpendekeza tena. Mwanzoni mwa 1984 aliacha kazi akaenda mahakamani. Tarehe 1 Mei 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi ambao hadi leo wanasheria wa kazi wanaurejea. Jaji William Brennan, akiandika kwa niaba ya majaji wanne, alieleza kwamba mwajiri ambaye kazi yake inadai ukakamavu, halafu akawachukia wanawake kwa kuwa wakakamavu, amewafungia njia zote mbili: wakiwa wakali wanakosa cheo, na wasipokuwa wakali wanakosa cheo. Kesi ilirudishwa kwa Jaji Gerhard Gesell, ambaye mwaka 1990 aliamuru Hopkins apewe ubia wake pamoja na fidia ya mapato aliyoyapoteza. Alirudi katika kampuni ile ile mwaka 1991, akafanya kazi humo mpaka alipostaafu mwaka 2002.

Watu wengi wanaoisimulia kesi hii huishia kwenye ushindi. Mimi nasimama kwenye zile fomu. Hopkins alishinda kwa sababu wabia waliandika. Kila mmoja alichukua kalamu, akaweka mawazo yake kwenye karatasi, na karatasi zikahifadhiwa. Mtaalamu wa saikolojia, Profesa Susan Fiske, aliweza kukaa mbele ya jaji na kuonyesha, mstari kwa mstari, jinsi mazoea kuhusu wanawake yalivyoingia katika tathmini ya kazi. Bila karatasi zile, ungebaki ubishi kati ya mwanamke aliyekasirika na kampuni inayosema hakuwa na uhusiano mzuri na wenzake.

Sasa tuje kwetu. Nimekaa miaka mingi kwenye kamati za ajira na vikao vya kupandisha vyeo, katika taasisi za umma na za binafsi, na maneno ya wabia wale nimeyasikia yote kwa Kiswahili. Tofauti ni kwamba kwetu hayaandikwi.

Nichukue mfano wa kikao kimoja katika taasisi ambayo sitaitaja. Nafasi iliyokuwa wazi ilikuwa ya mkuu wa idara ya fedha. Mmoja wa waliopendekezwa alikuwa mhasibu mwanamke aliyekuwa akikaimu nafasi hiyo hiyo. Taarifa za ukaguzi za kipindi chake zilikuwa safi. Kilichomponza ni masurufu. Ofisa akisafiri na fedha za taasisi anatakiwa arudi na stakabadhi na kurejesha hesabu kabla hajapewa masurufu mengine. Mhasibu huyu aliishika kanuni hiyo. Ofisa akija Ijumaa mchana na maombi ya safari mpya wakati masurufu ya Mbeya hayajarejeshwa, jibu lilikuwa moja: "Kaka, lete kwanza hesabu ya Mbeya, mengine tutaongea." Hakumtukana mtu na hakumpandishia sauti. Hakusaini.

Mtangulizi wake, mwanamume aliyekuwa amestaafu, alikuwa maarufu kwa jambo hilo hilo. Kikaoni alitajwa kwa heshima: mzee yule alikuwa hanunuliki. Lilipofika jina la mhasibu mwanamke, mjumbe mmoja alisema, "Huyu dada kazi anaijua, ila ana mdomo." Mwingine akaongeza kwamba watu wanalalamika kuwa ana roho ngumu. Hakuna aliyeuliza ni watu gani, wanalalamikia nini, au kama miongoni mwa walalamikaji kulikuwa na mtu ambaye masurufu yake yalikuwa yamesharejeshwa. Muhtasari wa kikao uliandikwa sentensi moja kumhusu: bado anahitaji kukomaa kiuongozi. Sentensi hiyo ndiyo iliyoingia kwenye jalada. Mtu atakayelifungua jalada lile miaka 5 baadaye atasoma kwamba hakuwa amekomaa, naye hatakuwa na njia ya kujua kwamba kutokomaa huko kulikuwa ni kufuata kanuni za fedha.

Utafiti wa kisayansi kuhusu jambo hili ni mwingi. Mwaka 2008 Victoria Brescoll wa Chuo Kikuu cha Yale na mwenzake Eric Uhlmann walichapisha majaribio ambayo watu walionyeshwa video za waombaji kazi wakieleza jambo lililowaudhi kazini. Mwanamume aliyeonyesha hasira alipewa hadhi ya juu zaidi. Mwanamke aliyeonyesha hasira ile ile alishushwa, awe amejitambulisha kama mkurugenzi mkuu au kama mwanagenzi. Watazamaji walipoulizwa hasira imetoka wapi, ya mwanamume waliieleza kwa tukio: ameudhiwa. Ya mwanamke waliieleza kwa hulka: ndivyo alivyo. Pengo lile lilipungua pale mwanamke aliposema wazi ni kitu gani kilichomuudhi. Naomba msomaji alishike hilo, kwa maana nitalirudia nitakapofika kwenye dawa.

Miaka 6 baadaye mwanaisimu Kieran Snyder alikusanya ripoti 248 za tathmini ya utendaji kutoka kampuni 28 za teknolojia. Alitafuta maneno yanayokosoa hulka ya mtu, mbali na yale yanayokosoa kazi. Katika ripoti 83 za wanaume zenye ukosoaji, alipata 2 tu zenye maneno ya namna hiyo. Katika ripoti 94 za wanawake zenye ukosoaji, alipata 71. Mwanamume aliambiwa ajifunze hiki na kile. Mwanamke aliambiwa hayo, kisha akaambiwa pia apunguze sauti, awaachie wengine nafasi, asiwe mkali. Na walioandika hawakuwa wanaume peke yao. Mameneja wanawake waliandika vivyo hivyo. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Baadhi ya hukumu nzito kabisa dhidi ya wanawake wenye msimamo nimezisikia kutoka kwa wanawake wenzao, tena wakubwa, ambao wenyewe walipita njia ile ile wakiwa wameuma meno.

Tafiti hizi zimefanyika zaidi Marekani, na mtu ana haki ya kuuliza kama zinatuhusu. Jibu langu ni kwamba sababu za ndani zinaweza kutofautiana, lakini hukumu inafanana. Mwaka ule ule wa 1989 ambao Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi wa Hopkins, Profesa Wangari Maathai alikuwa Nairobi akipinga ujenzi wa jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, na hoja zake zilihusu ardhi ya umma na mkopo mkubwa ambao nchi ingeubeba. Wabunge walitumia muda wa Bunge kumjadili yeye. Walisema vuguvugu lake la Green Belt ni kundi la wanawake walioachika. Rais Moi alisema kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika anapaswa kuwaheshimu wanaume na kunyamaza. Swali la nani angelilipa lile deni lilibaki pale pale, mpaka wafadhili wenyewe walipojitoa na mradi ukafa. Bustani ipo hadi leo.

Ndivyo inavyokwenda ofisini, kwa kiwango kidogo zaidi. Mwanamke analeta hoja, anajibiwa kuhusu hulka yake, na kikao kinamalizika hoja ikiwa haijajibiwa. Hasara ya kwanza ni ya kwake, ni kweli. Lakini iko hasara ya pili inayobebwa na taasisi, nayo haihesabiwi: fedha zisizorejeshwa, mkataba uliosainiwa bila kusomwa, dawa iliyotolewa kwa kipimo kisicho sahihi kwa sababu muuguzi aliyeona kosa alikwisha kuonywa asijifanye anajua kuliko daktari.

Wako watakaosema kwamba kwetu mwanamke mkubwa kazini anaheshimiwa sana. Anaitwa Mama, watu wanasimama anapoingia, vijana wanambebea mkoba. Ni kweli, na heshima hiyo si ya uongo. Ila ina masharti. Mama anaruhusiwa kuwa mkali anapowatetea watoto wake. Mkurugenzi mwanamke akipiga meza kudai posho za wafanyakazi wake, atasifiwa kwamba ni jasiri na ana uchungu na watu. Akipiga meza hiyo hiyo kudai mshahara wake ulingane na wa mtangulizi wake, ataambiwa ana tamaa. Jambo hili nalo limepimwa. Emily Amanatullah na Michael Morris mwaka 2010 walionyesha kwamba wanawake wanapojadili malipo kwa niaba ya mtu mwingine hukaza kama wanaume, lakini wanapojadili malipo yao wenyewe hulegeza, kwa sababu wanaiona adhabu inayokuja. Kwa hiyo tusiseme wanawake hawajui kujadiliana. Wanajua, na wamesoma mazingira yao sawasawa.

Hapa lazima niseme jambo moja kwa haki. Wako wanawake wakali isivyostahili kazini. Wapo wanaodhalilisha walio chini yao, wanaofoka mbele ya wateja, wanaotunza kinyongo. Hopkins mwenyewe hakuwa mpole: hata wabia waliomuunga mkono walikiri kwamba nyakati nyingine aliwakaripia wasaidizi wake kupita kiasi na hakuwa na subira nao. Mahakama haikulificha hilo. Kama kampuni ingethibitisha kwamba ingemkataa kwa namna yake ya kuishi na wasaidizi peke yake, kama ambavyo ingemkataa mwanamume wa aina hiyo, ingeshinda kesi. Haikuweza kuthibitisha, kwa maana fomu zilijaa maneno ambayo hayahusiani na wasaidizi hata kidogo.

Kwa hiyo simtetei mtu asikosolewe. Nataka akosolewe kwa kipimo kile kile. Mkuu anayefokea wasaidizi wake ana kosa, na kosa hilo lina tarehe, lina shahidi, lina athari: huyu aliomba uhamisho, yule aliacha kazi, kazi fulani ilichelewa. Likiwa na hayo, liandikwe, awe mwanamke au mwanamume. Likiwa halina hayo, basi tulichonacho ni hisia ya mtu aliyezoea kuitikiwa "sawa bosi" na siku hiyo hakuitikiwa.

Ndiyo maana siuamini ushauri unaotolewa kwa wanawake katika semina nyingi: tabasamu kabla ya kupinga, anza kwa kusifu, lifanye wazo lako lionekane ni la bosi. Najua wanaotoa ushauri huo wanatoa walichokipitia, na simlaumu mwanamke anayeufuata ili apate mkate wake. Lakini ushauri huo ni ule ule wa Beyer uliobadilishwa nguo. Unamtoza mwanamke kazi ya ziada ambayo mwenzake wa meza ya pili hatozwi, na kamati iliyomhukumu inabaki kama ilivyokuwa, ikimsubiri anayefuata.

Dawa iko kwenye kamati na kwenye fomu zake. Utumishi wa umma Tanzania uliwahi kupiga hatua kubwa hapa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkuu wa kazi alijaza taarifa ya siri kuhusu mtumishi, na mtumishi hakuiona. Mwaka 2004 ukaja mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji, OPRAS, ambao mtumishi na msimamizi walikaa pamoja na kukubaliana malengo. Baadaye tathmini zikahamia kwenye kompyuta kwa mfumo wa PEPMIS. Malengo yaliyokubaliwa ni rahisi kuyapima: taarifa ngapi, kwa siku ngapi. Katika OPRAS ugumu ulikuwa kwenye sehemu ya sifa za mtumishi, yale mambo ya mahusiano kazini, mawasiliano na uongozi. Huko msimamizi alitoa alama kwa alivyojisikia, na huko ndiko "ana mdomo" ilikogeuka kuwa namba. Sekta binafsi nayo ina kisanduku chake, kwa kawaida kinaitwa maoni ya jumla.

Kamati inayotaka kutenda haki ianze na kisanduku hicho. Neno lolote linalohusu hulka ya mtu lisikubaliwe bila tukio lake: siku gani, ilikuwaje, nani aliathirika, kazi iliharibika wapi. Kumbuka majaribio ya Brescoll: mwanamke alipoonyesha tukio lililomuudhi, hukumu ililegea. Kazi ya kutaja tukio tumhamishie anayehukumu. Pili, sifa zinazopimwa zipangwe kabla majina hayajasomwa, kwa maana nimeona vikao ambavyo uzoefu ulikuwa ndicho kigezo mpaka mwenye uzoefu alipotokea kuwa mwanamke, kikawa ni haiba. Tatu, mwenyekiti aulize kwa sauti kama kikao kiliwahi kumpitisha mwanamume mwenye tabia hiyo hiyo. Swali hilo moja nimeona likinyamazisha chumba kizima. Na muhtasari uandike yaliyosemwa, kwa maneno yaliyosemwa.

Sheria ipo upande wa anayefanya hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kijinsia wa moja kwa moja au usio wa moja kwa moja katika sera au utaratibu wowote wa ajira. Mfanyakazi akishaonyesha dalili za kubaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 5, nayo inamtwika mwajiri mzigo huo wa kuthibitisha. Mwajiri ambaye jalada lake lina sentensi moja, "bado anahitaji kukomaa," hana cha kuthibitisha. Kinachomwokoa mpaka sasa ni kwamba wanawake wachache mno wanajua kwamba mzigo ni wa mwajiri, na wachache zaidi wana karatasi ya kuanzia.

Kwa hiyo, dada uliyeambiwa kikaoni au koridoni kwamba tatizo ni ukali wako, omba uandikiwe. Omba kwa adabu, kwa barua au barua pepe: ni tukio gani, lini, na lilidhuru nini. Tunza jibu, na usipojibiwa, tunza nakala ya ulichouliza.

Na wewe unayekaa kwenye kamati, Juni huja na tathmini za kufunga mwaka wa fedha. Fomu itakapofika mbele yako na kalamu ikaelekea kwenye neno mkali, jeuri, mjuaji au mgumu, andika kwanza tukio na tarehe yake. Ukikosa cha kuandika, liache neno hilo, umpe mwenzako alama ya kazi aliyoifanya.